Mtoto Akigonga Kichwa

Wazazi wenzangu, juma lililopita mwanangu wa miaka minne aliteleza, akagonga kichwa kizingitini. Damu ilichuruzika hata majirani wakasema nimkimbize hospitali. Nilitwaa kitambaa safi, nikakigandamiza juu ya jeraha dakika 10 pasipo kufunua, nayo ikakoma. Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi. Jeraha dogo hutoa damu ya kutisha. Midomo yake haikuachana, basi hapakuwa na haja ya kushonwa. (Bwana mmoja alikuja na mafuta ya taa, nilimkatalia kwa adabu.)

Kilichonitia hofu si damu. Mtoto akitapika tena na tena, akisinzia hata haamshiki, akishikwa na degedege, mboni za macho zisipolingana, au maji maangavu yakimtoka puani ama sikioni, basi apelekwe upesi, ijapokuwa ngozi haikuchubuka. Wa kwangu alilia papo hapo, akamtambua bibi yake, akaomba uji. Hata hivyo usiku nilimwamsha mara mbili. Mara ya pili alinikasirikia sana, nami nikafurahi.