Tusiwalee Vifaranga Kwenye Banda Tupu

Ndugu mfugaji wa kuku wa mayai, uwe Kibaha, Chanika au Kiambu, ninakuomba uangalie upya wiki 8 za mwanzo za vifaranga wako. Hapo ndipo kuku wa mayai anapotengenezwa, na hapo ndipo wengi wetu tunapobana matumizi.

Kuku wakianza kunyonyoana manyoya na kudonoana hadi kutoana utumbo, tunalaumu chakula, mwanga mkali au msongamano. Ni kweli, hayo yote huchangia. Lakini mara nyingi tabia hiyo ilianza zamani, kifaranga alipotafuta cha kudonoa sakafuni akakosa, akageukia manyoya ya mwenzake. Kudonoa na kuparua kumo katika damu yake. Hata umpe chakula cha kutosha, hataacha.

Tukumbuke pia alikotoka. Ameanguliwa kwenye mashine, hajaona mama. Siku hiyohiyo ametenganishwa na madume, amechomwa chanjo ya ugonjwa wa mareksi, amepangwa kwenye boksi na wenzake na kupakiwa kwenye gari. Kiini cha yai alichobaki nacho tumboni kinaweza kumshikilia kwa siku mbili hivi, lakini hakimwondolei kiu, joto wala mtikisiko wa barabara. Anafika kwako akiwa na hofu tayari. Akikuta taa kali na sakafu tupu, hofu hiyo haina pa kuishia.

Mtazame kuku wa kienyeji anavyolea. Vifaranga wake wanaparua, wanakimbia, kisha wanaingia chini ya mbawa, gizani, wanalala. Kwenye bruda zetu anayelala hulala palepale wenzake wanapohangaika, na anayehangaika humdonoa aliyelala. Tenga basi kona yenye joto na giza: ubao ulioinuliwa kidogo, pembeni pamening'inizwa vipande vya kitambaa, vifaranga waingie na kutoka wapendavyo. Kitambaa kikae mbali kabisa na jiko la mkaa na taa. Moto na moshi huua banda zima kwa usiku mmoja.

Mwaga maranda makavu au pumba za mpunga tangu siku ya kwanza, uyageuze yasishike unyevu, maana unyevu huleta kuhara damu. Weka karai la mchanga mkavu waogee. Ning'iniza majani ya kabichi au mchicha wayarukie. Hakuna kati ya hivi kinachomshinda mfugaji mdogo.

Fito za kuku kupanda na kusimamia ndizo ninazoziona zikipuuzwa kuliko vyote. Huko Sweden, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha kuku waliopata fito tangu siku ya kwanza na waliozipata wakiwa na wiki 8. Walipofika wiki 16 walipimwa kwa chakula kilichowekwa juu. Chakula kilipokuwa karibu na chini, makundi yote yalikifikia vizuri. Kilipopandishwa, waliochelewa kupata fito walibaki nyuma. Mwili ulikuwa umekua, lakini ujuzi wa kupima kimo na kuruka haukuwa umejengeka. Fikiria basi tembe wako wa wiki 18 asiyeweza kupanda kwenye kiota: atataga sakafuni, yai litachafuka, litapasuka, na wenzake watajifunza kulila. Fito chache za sentimita 10 au 20 kutoka chini, zikipandishwa kadiri wanavyokua, zingemfundisha mapema.

Najua wengi hukata midomo, na wapo wanaofanya hivyo kwa kulazimika. Ila kukata mdomo hupunguza jeraha tu. Hamu ya kudonoa inabaki palepale, na kifaranga anaongezewa maumivu. Sweden imepiga marufuku ukataji huo, na wafugaji wake wanaendelea kuuza mayai.

Wenye vituo vya kutotolesha, msiache maboksi juani wala kuyarundika bila matundu, na mpelekeeni mfugaji taarifa ya saa ya kufika ili vifaranga wakute maji na joto tayari. Maafisa mifugo, mnapotoa ratiba ya chanjo, toeni na ushauri wa fito na maranda. Nawe mfugaji unayengoja vifaranga wiki hii, tafuta fito zako leo, kabla boksi halijafika.