SPEA FEKI: VIJANA WA BARIADI SI JALALA!

Ajali ikitokea barabara ya Lamadi wimbo ni ule ule: "uzembe wa dereva", "ubovu wa gari". Dereva ndani, gari kituoni, mkubwa anatoa pole, basi. Hakuna anayeuliza zile pedi za breki zilizogoma kukamata zilitoka wapi, nani aliziingiza na nani alizipitisha.

Sisi tunauliza!

Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa 2012, unasifika kwa pamba, si kwa boljointi. Feki haikuota shambani Itilima. Imeshuka na kontena, imepita mbele ya wenye mihuri, imelala kwenye ghala la kigogo, ndipo ikafika duka la mlalahoi Bariadi. Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963. Tume ya Ushindani imeundwa kwa sheria ya 2003. TBS nayo ipo. Tunaonyeshwa picha za maboksi ya feki yakiteketezwa. Safi sana! Lakini mwenye kontena mbona hatuonyeshwi?

Wakati tunasubiri jibu, kijana wa mchomoko usikubali kufa kijinga. Dukani kila kitu kinaitwa "orijino". Uongo! Aina ni tano.

Kwanza, orijino yenyewe, yenye nembo ya mtengeneza gari. Ya Toyota kwa kawaida ina namba ya herufi na tarakimu 10: tano, kistari, tano. Pili, spea za viwanda vinavyomuuzia mtengeneza gari, kama Denso, Aisin na KYB, zikiwa kwenye maboksi yao wenyewe. Hapo hulipii nembo ya gari, unalipia kazi. Tatu, kopi inayotembea kwa jina lake. Ipo nzuri, ipo ya hovyo, lakini angalau haijifichi. Nne, mtumba uliofunguliwa kwenye gari lililokatwa. Tano, feki: mwizi aliyevaa shati la mtu. Huyo ndiye mhalifu.

Sasa chagua. Mlango, taa, bampa, kioo cha pembeni: nunua mtumba bila aibu. Lakini pedi, raba za breki, boljointi, tairodi na mkanda wa taimingi, mtumba wake ni kununua uchovu wa mwenzio. Hapo ni aina ya kwanza au ya pili, hakuna mjadala. Tairi nalo usidanganywe na rangi nyeusi inayong'aa. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba inazeeka hata ikilala stoo.

Usiingie dukani ukasema "nipe ya IST". Nenda na namba ya chesisi, maana magari mawili ya jina moja yanaweza kutofautiana breki. Kisha dai risiti ya EFD iliyoandikwa jina la spea. Muuzaji akikataa kuiandika, ameshakujibu.

Na wewe tajiri mwenye gari! Jioni unataka hesabu kamili, lakini ukiambiwa pedi zimekwisha unasema "weka hizo hizo za bei poa". Gari likifeli breki, wewe uko sebuleni. Anayelala rumande ni kijana wa watu, kama amepona. Dereva, mwambie tajiri hapana. Abiria wako kumi na gunia zao hawawezi kuisema kwa niaba yako, hawajui umefunga nini chini ya gari.

Wakubwa nao tunawaambia waache kukimbizana na viduka vya Bariadi huku mlango mkubwa uko wazi. Wakamateni wenye makontena, watajeni majina na wafikishwe mahakamani. Na kila ripoti ya ajali iliyosababishwa na ubovu iseme spea ipi ilishindwa na ilinunuliwa wapi. Breki ikifeli haiulizi kadi ya chama. Inaua wa kijani, inaua wa mageuzi.

Vijana, tunzeni risiti. Wasipotaja wao, risiti zetu zitataja!