Nani atachora nembo ya Kibera?

Hebu toa sarafu mpya ya shilingi kumi mfukoni. Upande mmoja kuna simba. Geuza: hiyo ni nembo ya taifa. Tazama katikati ya ngao. Unamwona jogoo aliyeshika shoka? Huyo ni jogoo wa KANU, chama kilichokuwa kinaongoza nembo ilipotolewa 1963. KANU ilitoka Ikulu 2002, lakini hadi leo tunatembea na jogoo wake.

Ndiyo maana nasema anayeshika kalamu ndiye anayebaki kwenye picha.

Sasa rudi mtaani. Tembea kutoka Ayany, pitia Makina hadi Laini Saba. Hakuna kijiji cha Kibera chenye nembo yake. Lakini picha ya kututambulisha ipo tayari: mabati yenye kutu, reli, na mtoto asiye na viatu. Waliipiga wageni. Siku hizi hata sisi tukitengeneza bango la shoo, tunaweka hiyo hiyo.

Na si eti hatuna historia. Kibra ni neno la Kinubi, maana yake msitu. Wanajeshi Wanubi wa jeshi la Mwingereza, KAR, ndio waliopewa makao hapa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Jina Laini Saba linatokana na uwanja wao wa kulenga shabaha. Ni vijana wangapi wa hapo wanajua?

Najua utaniambia nembo haileti maji wala haijengi choo. Kweli kabisa. Lakini Julai 2018 nyumba zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba zikienda, watu hutawanyika na hadithi zao. Mtaa usiojieleza ni rahisi kufutwa.

Kwa hivyo tuchore wenyewe, kijiji kwa kijiji. Wasanii tunao, kuta tunazo. Tuanze kwa kuwauliza wazee, Mnubi, Mjaluo, Mluhya, Mkamba na Mkisii, kabla hawajatuacha. Sharti ni moja tu: tusichore jogoo wa mtu. Chama, kabila, mheshimiwa wa leo, wote wakae nje ya ngao.

Mimi ningeanza na mti, kuukumbuka ule msitu. Wewe wa Lindi, Silanga au Gatwekera, ungechora nini?