Bunduki ya Vipande, Dhamiri ya Vipande

Katika vijitabu hivi vya Tume ya Haki na Amani tumezoea kuzungumzia mambo yanayotugusa kila siku: mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane, rushwa na kura. Safari hii tunapenda kutafakari pamoja nanyi, waamini na viongozi walei, jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la mbali. Ni desturi iliyoenea hasa nchini Marekani, ya mtu kujiundia bunduki nyumbani kwa kuchagua sehemu zake moja moja. Tunalizungumzia kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wetu huziona bunduki hizo katika simu zao, na wapo wanaozihusudu. Pili, namna ya kufikiri iliyomo ndani ya desturi hiyo imekwisha kufika kwetu, hata pale ambapo bunduki zenyewe hazijafika.

Jinsi inavyoundwa

Bunduki inayohusika zaidi ni ile ijulikanayo kwa jina la AR-15. Ilibuniwa katika miaka ya 1950 na kampuni ya ArmaLite, ambako mhandisi Eugene Stoner ndiye aliyeongoza kazi hiyo. Jeshini ilikuja kuitwa M16. Kwa raia, kampuni ya Colt ilianza mwaka 1964 kuuza aina isiyomimina risasi mfululizo, bali hutoa risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa, kisha hujipakia yenyewe risasi inayofuata. Haki za ubunifu zilipokwisha muda wake mwaka 1977, viwanda vingine navyo viliweza kutengeneza sehemu zake, hata mtutu wa kiwanda kimoja ukafungwa katika bunduki ya kiwanda kingine. Mwaka 1995 jeshi la Marekani likaweka kipimo kimoja cha reli ya kufungia vifaa juu ya silaha, iitwayo Picatinny. Tangu hapo darubini za viwanda mbalimbali zimeweza kukaa juu ya reli moja.

Basi anayejiundia bunduki huchagua. Huchagua mtutu na urefu wake, kwa kuwa sheria ya nchi hiyo inaweka masharti ya pekee kwa mtutu usiofikia inchi 16, yaani sentimita 40 na ushei. Huchagua kitako kitakachokaa vizuri begani, na kifyatulio kitakachovutika kwa wepesi anaoutaka. Mwishoni huchagua darubini ya kulengea shabaha: ama kioo chenye nukta nyekundu kwa shabaha ya karibu, ama darubini inayokuza kitu mara sita au mara nane kwa shabaha ya mbali. Si ajabu darubini hiyo kugharimu sawa na bunduki yenyewe au kuipita.

Hatuna budi kusema kwa haki kwamba walio wengi katika hao si wauaji. Wapo wawindaji, wapo wapenda mashindano ya shabaha, wapo watu wanaofurahia tu kazi ya mikono. Kupima, kulinganisha na kufunga chuma kwa chuma bila kukosea ni ufundi wa kweli, na Kanisa halikudharau ufundi kamwe, kwa maana Bwana wetu alilelewa katika nyumba ya seremala. Lakini ufundi hupimwa pia kwa lengo la kazi. Tusilisahau swali hilo kwa sababu kazi yenyewe ni nadhifu.

Hakuna aliyeshika bunduki nzima

Tatizo letu liko hapa. Kwa sheria ya taifa la Marekani ya mwaka 1968, katika bunduki iliyofumuliwa ni sehemu moja tu inayohesabiwa kuwa bunduki, nayo ni lile kasha la katikati linalobeba mitambo ya ndani. Mtutu, kitako, kifyatulio na darubini, kila kimoja peke yake, kwa sheria hiyo si bunduki. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuuza hata kasha hilo likiwa halijakamilika, bila namba ya kulitambulisha, likisubiri kutobolewa matundu machache na mnunuzi nyumbani kwake. Serikali ilitoa kanuni ya kudhibiti biashara hiyo mwaka 2022, na Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ikaithibitisha mwezi Machi 2025. Lakini kabla ya hapo, mwezi Novemba 2017, huko Rancho Tehama katika jimbo la California, mtu aliyekwisha katazwa na mahakama kuwa na silaha aliua watu 5, akiwa na bunduki alizojiundia mwenyewe.

Tazameni basi jinsi hesabu ya dhamiri inavyovurugika. Aliyeuza mtutu atasema aliuza bomba la chuma. Aliyeuza darubini atasema aliuza kioo. Aliyesafirisha atasema alibeba kifurushi. Kila mmoja ana kipande chake, na kipande chake hakina hatia. Bunduki inapokamilika na mtu anapoanguka, hapatikani aliyeiunda, isipokuwa yule wa mwisho aliyekaza skrubu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba; nasi twasema kibaba cha damu nacho hujazwa vivyo hivyo.

Wala mtu asidhani kwamba hayo ni ya Marekani tu. Gobore la kienyeji huundwa namna hiyo hiyo. Bomba hutoka kwa mtu mmoja, kitako huchongwa na seremala, springi hutolewa katika chuma chakavu, na fundi wa kuchomelea huunganisha. Ukimwuliza kila mmoja wao, atajibu kwamba alifanya kazi ya siku na kulipwa ujira wa siku. Vivyo hivyo katika maeneo ya wizi wa mifugo: mmoja huchanga fedha, mwingine huhifadhi risasi, mwingine hubeba ujumbe, na siku ya mazishi wote hukaa pamoja turubaini wakimlaumu kijana aliyefyatua.

Sheria zimekwisha kuliona jambo hili. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto, iliyopitishwa mwaka 2001, inautaja mtutu na kasha la bunduki miongoni mwa sehemu zinazopaswa kudhibitiwa, pamoja na kifaa cha kupunguza mlio. Mkataba wa Biashara ya Silaha wa mwaka 2013, ambao Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizouandaa, unagusa pia usafirishaji wa vipuri vinavyoweza kuunganishwa kuwa silaha. Nayo Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na nchi za ukanda wetu, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, ilizitaka serikali ziweke katika sheria zao katazo kamili la raia kumiliki bunduki za namna hii tunayoizungumzia. Hata hivyo sheria huhesabu sehemu. Darubini haimo katika orodha ile ya mwaka 2001. Dhamiri ndiyo inayopaswa kuhesabu kitu kizima.

Kinachoonekana katika kioo

Tuitazame hiyo darubini. Kazi yake ni kumsogeza aliye mbali. Msamaria katika Injili ya Luka naye alimwona mtu njiani. Akamsogelea, akamfunga majeraha. Darubini ya kulengea humsogeza mtu bila kumfanya jirani: huonyesha uso wake, kisha huweka alama juu ya uso huo. Anayeichagua huuliza inakuza mara ngapi, inaona vizuri jioni, inavumilia mvua? Ni maswali ya busara kwa kifaa chochote. Swali lisiloulizwa ni hili: ni nani atakayesimama upande wa pili wa kioo?

Wengine watatujibu kwamba Katekisimu inaruhusu mtu kujilinda. Ni kweli, inaruhusu, tena inafundisha kwamba mwenye dhamana ya maisha ya wengine anaweza kuwa na wajibu mzito wa kuyalinda. Lakini inadai pia kwamba nguvu inayotumika isizidi ile inayohitajika. Mlango imara, mbwa, kelele za majirani na polisi wanaofika kwa wakati ni ulinzi. Silaha iliyopambwa kwa ajili ya kumpata mtu aliye mbali, ambaye bado hajamkaribia mwenye nyumba, ni jambo jingine, na anayeitaka atueleze anamwogopa nani.

Wengine watasema hata panga huua. Ni kweli pia, nasi wa ukanda huu hatuhitaji kukumbushwa. Ila panga huamka asubuhi likaenda shambani. Tarehe 14 Desemba 2012, huko Newtown katika jimbo la Connecticut, watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa shuleni kwa bunduki ya aina ya AR-15. Haikuundwa nyumbani, ilinunuliwa dukani kwa kufuata sheria. Familia za watu 9 kati ya waliouawa zilishitaki kwa sababu ya matangazo yaliyowashawishi vijana kwamba bunduki hiyo huthibitisha uanaume, na mwezi Februari 2022 zikakubaliwa fidia ya dola milioni 73. Hata mtangazaji, basi, ameshika kipande chake.

Wajibu wetu

Tunawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo waliweke jambo hili mezani. Mafundi wa kuchomelea na maseremala waamini wakatae kazi wanayoijua mwisho wake, na jumuiya iwasaidie wanapokosa ujira kwa ajili ya kukataa huko. Mchango wowote wa kununulia silaha au risasi, hata ukiitwa mchango wa ulinzi wa mifugo, usipitie mikononi mwa Mkristo. Wazazi wakae na vijana, waulize ni nini kinachowavutia katika picha zile, na wasikilize jibu kabla ya kukemea. Wenye silaha zisizo halali wakumbuke kwamba Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha kwa hiari, hadi mwaka 2030. Paroko na wazee wa kanisa wafuatilie matangazo ya serikali na kuwasindikiza wanaoogopa kwenda peke yao.

Nabii Isaya aliona siku ambayo mataifa yatafua panga zao kuwa majembe. Kazi hiyo nayo ni ya fundi, nayo hufanywa kipande kwa kipande. Kila mmoja wetu aangalie leo kile alicho nacho mkononi, ajiulize kinakwenda kuunganishwa na nini.