Jetoni ya unga isiwe kamba ya kutufuata

Wasikilizaji wa Kasungami, na ninyi ndugu mliokimbia vita: anayekupa msaada ana haki ya kujua kama jina lako liko kwenye orodha. Hana haki ya kujua ulinunua unga wapi, siku gani, kwa duka la nani. Hayo ni mambo mawili, na mashine za siku hizi zinayachanganya.

Tunaambiwa kwamba bila kufuata kila jetoni, wajanja watachukua mara mbili. Si kweli. Dawa ipo tangu mwaka 1982, Mmarekani David Chaum alipoeleza sahihi ya upofu: anayetia sahihi haoni anachokitilia sahihi.

Fikirieni bahasha yenye karatasi ya kaboni ndani. Simu yako inachagua namba ndefu ya siri na kuifunga humo. Bahasha yenyewe ni hesabu tu. Shirika linatazama orodha, linaona jina lako, linatia sahihi juu ya bahasha, na kaboni inapeleka sahihi hadi ndani. Ukifungua, una jetoni halali. Mwenye duka anahakikisha mambo mawili: sahihi ni ya kweli, na namba haijatumika. Ukirudi na namba ileile, inakataliwa. Mjanja amezuiwa, na bado shirika haliwezi kusema jetoni hii ilitoka kwa mama fulani.

Kwa nini nashikilia jambo hili? Kwa sababu orodha zinaibwa. Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa intaneti waliingia katika kompyuta zenye habari za watu zaidi ya 515,000, wengi wao waliotengana na familia zao kwa vita, uhamaji na majanga. Kama hao waliingiliwa, nani atatuapia kwamba kompyuta yake haiingiliki? Kisichoandikwa hakiibwi.

Lakini tusidanganywe na jina zuri. Sahihi ya upofu iliyotengenezwa vibaya ni mlango wazi. Sharti lake ni hili: ukiomba sahihi kumi, usitoke na kumi na moja. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba aina moja, ile ya Schnorr, inavunja sharti hilo: kwa namba za ukubwa wa kawaida, mtu akifungua maombi 256 kwa wakati mmoja anaweza kutoka na sahihi 257. Jetoni hiyo ya uongo inakula chakula cha mtoto wa mwingine. Aina ya RSA ilipata kanuni zake za wazi, RFC 9474, Oktoba 2023. Hakuna sababu ya kubuni nyingine gizani.

Na hata sahihi nzuri haifichi kila kitu. Familia moja ikipewa jetoni ya thamani ya peke yake, itajulikana tu. Basi jetoni ziwe za thamani moja, kwa watu wengi. Na asiye na simu asiachwe nje.

Wakija na mashine, kabla hamjaweka kidole, simameni pamoja na shefu wa kartie muulize: Mnaandika nini juu yetu? Nani mwingine anakisoma? Mtakifuta lini? Wasipojibu hapo mbele ya watu, wasituambie kwamba wanatulinda.