Kijana Huyu Anastahili Kukutana na Bingwa?

Msomaji mpenzi, leo nina kesi ya nyumba ya jirani. Nakuomba uisikilize mpaka mwisho kabla hujatoa hukumu, maana mimi mwenyewe nilitoa yangu na mpaka leo kuna mtu mtaani hanisalimii sawasawa.

Jumamosi moja jioni nilikuwa nimeketi nje ya mlango nikimenya njugu, mara jirani yangu akatokea, leso amejifunga kiunoni. Ukimwona mama wa mtaa wetu amejifunga hivyo, jua kuna jambo. Nyuma yake alikuwa mwanawe, kijana wa miaka 24, bondia. Si bondia wa maneno. Kila alfajiri humsikia akikimbia kabla matatu ya kwanza haijapiga honi, na jioni yuko katika ukumbi wa mtaa akitwanga gunia. Amekwisha kupigana ndondi za kulipwa mara tisa; saba ameshinda, mbili ameshindwa.

"Mwalimu," akasema mama, "mwambie huyu asiende."

Kumbe kijana alikuwa amepigiwa simu na promota. Katika nchi moja ya mbali kulikuwa na bingwa ambaye mpinzani wake alikuwa ameumia mazoezini, na pambano lilikuwa limebakisha wiki mbili na nusu. Tikiti za watazamaji zilikuwa zimeuzwa. Walikuwa wanatafuta mtu wa uzani huo, popote pale, mwenye pasipoti. Malipo aliyotajiwa yangetosha kulipia kodi ya nyumba yao miaka miwili.

"Mzee," kijana akaniambia kwa heshima lakini kwa uchungu, "mimi hii nafasi nikiiacha sitaiona tena. Nimefanya mazoezi tangu darasa la sita. Sistahili?"

Basi hilo ndilo swali. Ni nani anayestahili kupanda ulingoni na bingwa?

Kwa kanuni, jibu ni jepesi. Vyama vinne vikubwa vinavyosimamia ndondi za kulipwa duniani, yaani WBA, WBC, IBF na WBO, kila kimoja huweka orodha ya washindani wa kila uzani. Bingwa hulazimika, baada ya muda fulani, kupigana na yule ambaye chama kimemtaja kuwa mshindani wa lazima. Katikati ya hapo ana ruhusa ya kujichagulia mpinzani mwingine aliye katika orodha. Na hapo kwenye kujichagulia ndipo penye mambo. Bingwa na promota wake hawatafuti mtu wa kuwavua taji. Wanatafuta mtu wa kujaza ukumbi, apigwe, wote walipwe, kila mtu aende zake. Kwa hivyo mara nyingi anayeitwa ni yule anayedhaniwa hawezi.

Lakini dhana si haki. Wazazi walio na umri wangu wanakumbuka Februari 11, 1990. Siku hiyo, katika ukumbi wa Tokyo Dome nchini Japani, Mike Tyson alipanda ulingoni akiwa na mataji matatu ya uzani mzito, ameshinda mapambano yote 37 aliyopigana, 33 kati yake kwa kuwaangusha au kuwasimamisha wapinzani. Mbele yake alisimama James "Buster" Douglas, Mmarekani mwenziwe. Watu waliuliza: huyu naye kaletwa kufanya nini? Mwenye kustahili, walisema, ni Evander Holyfield, aliyekuwa mshindani nambari moja na ambaye zamu yake ilikuwa imepangwa baadaye mwaka huo. Douglas alionekana kama staftahi tu kabla ya mlo wenyewe. Huko Las Vegas, nyumba moja ya kamari ilikuwa tayari kumlipa dola 42 kila aliyeweka dola moja kwa Douglas akishinda.

Waliomdharau walikuwa na sababu. Mwaka 1987 alikuwa amepata nafasi ya kupigania taji la IBF dhidi ya Tony Tucker. Alipigana vizuri, kisha akachoka, na katika raundi ya 10 akasimamishwa. Watu wakasema ana mikono lakini hana moyo.

Ila waliosema hivyo hawakutazama alichofanya baada ya kushindwa. Mwaka 1989 peke yake aliwashinda Trevor Berbick, bingwa wa zamani wa dunia, na Oliver McCall, ambaye miaka mitano baadaye alikuja kuwa bingwa. Hakupewa nafasi kwa kuhurumiwa. Alirudi nyuma, akapanda ngazi tena.

Kisha, siku 23 kabla ya pambano la Tokyo, mama yake mzazi akafariki. Douglas hakujitoa. Aliingia ulingoni na, kwa mshangao wa dunia nzima, akaanza kumchapa Tyson makonde ya moja kwa moja kwa mikono yake mirefu. Mwishoni mwa raundi ya nane Tyson alimpata na konde la kutoka chini, akaanguka. Akainuka refa alipofikia tisa. Katika raundi ya 10 alimfumua Tyson konde la kidevu, akafuatisha mengine, na Tyson akaanguka kwa mara ya kwanza tangu aanze ndondi za kulipwa. Tulimwona bingwa akitambaa akitafuta mpira wa kukinga meno, na refa akamaliza kuhesabu. Mdharau mwiba, guu huota tende.

Nilipofika hapo kijana akaruka kutoka kwenye kigoda. "Si unaona, Mzee! Hata yeye walisema hastahili!"

Nikamwambia aketi, hadithi haijaisha.

Miaka mitano baadaye, Agosti 19, 1995, Tyson huyo huyo alirudi ulingoni huko Las Vegas baada ya kutoka gerezani. Aliyewekwa mbele yake alikuwa Peter McNeeley, ambaye ukisoma rekodi yake ungemwogopa: ameshinda mapambano 36, ameshindwa moja tu. Douglas hakuwa na hesabu nzuri namna hiyo. Alipokwenda Tokyo alikuwa amekwisha kushindwa mara nne. Lakini wengi wa wale 36 walikuwa mabondia dhaifu. McNeeley alimvamia Tyson kwa ushujaa, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, na meneja wake akaingia ulingoni kulisimamisha pambano. Yote hayo yalichukua sekunde 89. Watazamaji waliolipa pesa zao wakazomea. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mimi sikumzomea yule meneja. Wengine walisema aliharibu biashara. Mimi naona aliharibu biashara akamrudisha mtoto wa mtu nyumbani akiwa mzima.

Mama alikuwa kimya muda wote huo. Ndipo akauliza, "Na wetu je?"

Wetu wapo. Philip Waruinge alituletea nishani ya shaba kutoka Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akatuzwa kombe la Val Barker, ambalo lilitolewa kwa bondia mwenye ufundi kuliko wote katika michezo hiyo. Mwaka 1972 mjini Munich akapata fedha. Baadaye akahamia Japani, akapigana ndondi za kulipwa kwa jina la Waruinge Nakayama, na Aprili 1976 akapewa nafasi ya kupigania taji jipya la WBC la uzani wa supa-bantamu dhidi ya Rigoberto Riasco, nyumbani kwa Riasco nchini Panama. Alishindwa. Lakini ni nani angethubutu kusema hakustahili? Alikuwa na miaka mingi ya kupigana na wakali. Kushindwa hakumwondolei mtu kustahili, na asiyekubali kushindwa si mshindani.

Na yuko mwingine, ambaye nilimtaja kwa sauti ya chini kwa sababu ya mama aliyekuwa mbele yangu. Robert Wangila, Mkenya wa pekee kupata dhahabu ya ndondi katika Olimpiki, huko Seoul mwaka 1988. Alikwenda Marekani kutafuta taji la dunia. Julai 1994 alipigana na David Gonzalez mjini Las Vegas. Katika raundi ya tisa refa alisimamisha pambano, na Wangila akalalamika, akitaka kuendelea. Muda mfupi baadaye, akiwa ametoka ulingoni, akazimia, na hakuamka tena. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Simtaji Wangila kusema hakustahili. Mwenye dhahabu ya Olimpiki anastahili. Namtaja ili tukumbuke kwamba neno hili "kustahili", tunalolipigia kelele mbele ya televisheni, kuna mtu analilipia kwa kichwa chake. Bondia hatajiambia basi. Hata Wangila, baada ya raundi nane na zaidi, alitaka kuendelea. Basi ni lazima wengine wampimie.

Kwa hivyo nilimwuliza kijana maswali matatu, na wewe msomaji unaweza kuyauliza kila utakaposikia bondia fulani anataka kukutana na bingwa.

La kwanza: amepigana na nani? Usihesabu ushindi, wapime walioshindwa. Saba wa kijana wetu, nilipomwuliza mmoja mmoja, watatu walikuwa wakipigana kwa mara ya kwanza.

La pili: aliposhindwa, alifanya nini? Hapa kijana alinijibu vizuri. Pambano lake la pili kushindwa alilirudia baada ya miezi saba na yule yule, akashinda. Hiyo ni dalili ya Douglas. Nilimsifu, na nilimsifu kwa dhati.

La tatu: ana muda gani wa kujitayarisha, na ni nani atakayekuwa kwenye kona yake? Usilicheke swali hili. Hata Tyson, bingwa mwenye mamilioni, kule Tokyo wasaidizi wake hawakuwa na kifaa cha kukandamiza uvimbe wa jicho. Ilibidi wajaze maji ya barafu ndani ya glavu ya mpira wamkande nayo. Kijana akatazama chini. Promota alikuwa amemwambia kwamba tikiti ya ndege ni moja tu. Kocha atabaki, na kule atatafutiwa mtu wa kumpa maji.

Wiki mbili na nusu, bila kocha, ugenini, mbele ya bingwa aliyejitayarisha kwa miezi. Nikamwambia, "Mwanangu, hapo hujaitwa kushindana. Umeitwa kujaza nafasi."

Hata hivyo sikumwambia asiende. Nilimwambia apige simu aombe mambo mawili: wiki nane za mazoezi, na tikiti ya kocha wake. Wakikubali, basi wamemwona ni mshindani, na mimi mwenyewe nitamsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Wakikataa, atakuwa ameijua bei waliyomwekea.

Alipiga pale pale, mbele yetu. Promota akacheka tu, akasema atampigia baadaye. Hakupiga. Siku tatu baadaye tukasikia amepatikana bondia mwingine, mwenye pasipoti.

Tangu siku hiyo kijana akinipita kituoni hunitikisia kichwa tu, hasemi kitu. Simlaumu. Kodi ya miaka miwili si mchezo, na nyumbani kwao ni yeye anayeinunua unga. Mama yake naye aliniletea bakuli la maharagwe, akaliweka mezani bila kusema neno. Nikaona hata yeye moyo wake umegawanyika, nusu unashukuru na nusu unapiga hesabu.

Sasa msomaji, hukumu ni yako, lakini yangu hii hapa. Anastahili bingwa yule aliyepanda ngazi, hata kama ameteleza njiani, na ambaye anapewa muda na watu wa kumwezesha kushindana. Akikosa ngazi, ni mapema. Akikosa muda na watu, si nafasi aliyopewa, ni mtego, hata kama mtego wenyewe una pesa.

Na kwa nyinyi mnaopenda kukumbushwa mwisho wa hadithi: Douglas alikaa na mataji yale miezi minane tu. Oktoba 25, 1990 alikutana na Holyfield, yule aliyesubiri zamu yake. Safari hii Douglas alipanda mzani na kilo 112 hivi, kutoka 105 za Tokyo, akaangushwa katika raundi ya tatu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kustahili hakuwekwi kabatini. Kila pambano hudai kwake.

Ninapoandika haya, nje kunapambazuka na matatu ya kwanza haijapiga honi. Namsikia mtu akikimbia.

Tukutane Jumapili ijayo.