Bendera moja, itikadi mbili

Wapo wadhanio kwamba wapiganaji wakikusanyika chini ya bendera moja ya jihadi, basi itikadi yao nayo ni moja. Nasema sivyo, na Afghanistan ni ushahidi tosha.

Mwaka 1996 mjini Kandahar, Mullah Omar alijitokeza hadharani na joho liaminiwalo kuwa la Mtume, akatangazwa Amiri wa Waumini. Taliban ni Wahanafi wa mapokeo ya Deoband. Wengi wa Waarabu waliowaunga mkono walikuwa Masalafi, ambao kwao kutabaruku kwa vazi au kaburi ni bidaa, kama si shirki. Ajabu iliyoje, basi, kwamba makaburi ya Waarabu waliouawa huko mwaka 2001 yaligeuka mahali pa ziara, wagonjwa wakiyaendea kutafuta shifaa!

Mwaka 2015 ufa ulidhihirika: tawi la Khorasan la Dola ya Kiislamu likazuka, likawavuta Masalafi wa Nangarhar na Kunar. Agosti 2022, mjini Kabul, likamuua Sheikh Rahimullah Haqqani, mwanachuoni wa Taliban aliyewapinga vikali Masalafi.

Pwani yetu nayo ina mabishano ya maulidi na ziara, lakini kwa kawaida silaha yake ni darasa na kitabu. Kijana anayeitwa ng'ambo kwa jina la umoja wa umma na amuulize anayemwita: umoja huo ni wa akina nani?